Dari Lenye Tumbo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili mtu asihangaike kumtafuta mwingine.

Upepo ulikuwa umeng'oa vigae juu ya chumba cha mama mkwe wangu, ukaacha tundu ambalo mwewe angepita bila kukunja mbawa. Vigae vya akiba vilikuwepo, vimepangwa nyuma ya jiko. Ngazi ilikuwepo. Mimi mwenyewe seremala, mikono yangu yote mizima. Mke wangu akasema, "Panda leo." Nikamjibu tusubiri Jumamosi, kuna kabati la watu halijaisha. Nikaingia darini, nikatandaza turubai chini ya lile tundu, nikalifunga pembe zote kwenye boriti likanyooka kama shuka la hotelini. Nikashuka najipangusa vumbi kama mtu aliyetoka kujenga daraja.

Mvua ikanyesha jioni ile, ikashinda ikinyesha siku iliyofuata. Tone halikuanguka. Basi nikawa sishikiki.

"Mama watoto, nikuletee ndoo? Au beseni litatosha?"

Mke wangu aliendelea kukunja nguo. Nikadhani nimeshinda.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akaniita. Alikuwa amevunjika nyonga, na tangu atoke hospitali hakuweza hata kugeuka ubavu bila kushikwa.

"Baba," akasema taratibu, "hebu tazama juu. Jana hili dari halikuwa na tumbo."

Nikatazama. Ubao wa dari ulikuwa umebinuka kuja chini, umevimba sawasawa juu ya mto wake, na misumari ya pembeni imeanza kuchungulia. Ndipo akili ikanirudia, imechelewa kama kawaida yake. Turubai nililifunga tambarare, bila mteremko. Maji hayakuwa na pa kwenda, yakajikusanya humo mpaka likalegea na kuulalia ubao. Ukimya wote ule niliojisifia ulikuwa wa bwawa linalojaa.

"Sogeza kitanda," mke wangu akasema.

Hapo sasa. Kitanda kile nilikiundia humo humo chumbani, kizito, kipana, kwa hamu ya kumfurahisha mkwe. Viungo vyote nimevipiga gundi; cha kufungua hakuna. Kinagusa ukuta huu na ule, na mlangoni hakipiti hata ukisimamishe wima.

"Sasa ulikiingizaje?" akauliza jirani yetu Spoku, fundi baiskeli, aliyekuja mbio baada ya kusikia mke wangu akipiga kelele.

"Hakikuingia. Kilizaliwa humu."

Hakucheka mtu. Nje mawingu yalikuwa yamerudi, meusi, yamening'inia chini kabisa.

Nikapanda darini na kopo, nichote maji kidogo kidogo. Sijachota hata mara moja, kamba ya pembe moja ikakatika. Nikaidaka ile pembe kwa mikono miwili. Uzito ukanivuta mpaka kifua kikalala kwenye boriti. Nikiachia, bwawa lote linamshukia mama wa watu.

"Mtoeni!" nikapiga kelele. "Mtoeni na godoro lake!"

Chini nilisikia mke wangu: "Taratibu, shemeji, nyonga hiyo! Wewe shika upande wa miguu."

Msumari ukalia. Mama mkwe akaguna. Sikuwa naona kitu, naona maji tu, meusi, yanacheza mbele ya pua yangu. Mimi ambaye ulimi wangu haujawahi kulala njaa, sikuwa na hata mzaha mmoja. Nilifikiria ile nyonga. Nilifikiria nitamtazamaje mke wangu usoni.

"Bado?"

"Bado! Godoro limenasa mlangoni!"

"Likunjeni!"

"Na mama ndani yake?" akafoka mke wangu.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Sikujua tena kama nimeshika au nimeachia. Kamba ya pili ikaanza kutoa nyuzi, mmoja, halafu mwingine.

"Ametoka!" Spoku akaita.

Sikuachia mimi, vidole viliachia vyenyewe. Ubao ukapasuka kwa kishindo, na maji na vipande vya mbao vikatua pale pale kichwa cha mama mkwe kilipokuwa.

Nilipowakuta chumbani kwetu, mama mkwe alikuwa amelazwa kwenye kitanda chetu, mzima, anamtuliza mke wangu. Ungedhani ningenyamaza. Wapi!

"Hatari imeshapita," nikasema. "Sasa hivi vigae vina utelezi, nitaanguka. Tungoje Jumamosi, pakauke."

"Utelezi huo ni wa leo," mke wangu akasema. "Nilipokwambia panda, palikuwa pakavu."

"Mvua yenyewe huenda isinyeshe."

"Mawingu hayo yamekuja kukusalimia?"

"Siku hizi chache tu, bibie, kwani kuna nini?"

Mama mkwe akainua mkono kidogo.

"Mwacheni, asubiri Jumamosi yake," akasema. "Mimi hapa nimeshafika, sihami. Kitanda chako, mkwe wangu, hakipiti mlangoni, lakini wewe unapita. Nenda kalale kule."