Ncha ya Muo

Rahabu alipewa hadi Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, Daktari Jafari, mkuu wa maabara, angeagiza elektrodi, sindano za kupimia neva, kutoka ng'ambo, na meza ya Rahabu katika maabara ile ndogo ya Lushoto ingebaki ya kuwekea birika la chai.

Meza ile alikuwa ameikalia miaka kumi na minne. Mama huyu wa Mtae aliingia kama mfagizi, akajifunza kwa kuchungulia: kuvuta mrija wa kioo motoni, kupenyeza uzi wa kaboni mwembamba kuliko unywele, kuukata kwa wembe. Uzi ukichomekwa kwenye neva hai ya konokono, hunasa serotonini, kemikali ambayo kwayo neva hupelekeana habari, na kompyuta huchora kilima. Tatizo ni kwamba kilima kilionekana mara tatu, nne, kisha kikalala.

Wataalamu wawili walikuja, wakasema mikono ya hapa haitulii. Mikono ya hapa. Milima hii imeporwa magogo, mizizi ya dawa, hata vyura ndani ya chupa, na aliyewaonyesha wageni njia kila mara ameandikwa "mwenyeji mmoja". Hatujasahau.

Asubuhi ya Ijumaa Tobia, mtunza konokono, alimuuliza Rahabu kama chai ya meza ile ataweka sukari. Rahabu akamjibu kwamba konokono wake wana akili kumzidi, akainamia hadubini.

Ncha ya uzi ilikuwa butu kama kisiki. Haikuingia kwenye nyama, iliichana, na majimaji ya jeraha yaliganda juu ya kaboni. Akamkumbuka mama yake na muo wa kupandia maharage. Yule hakuchonga kwa panga. Aliuzika mti kwenye tope, ncha ikabaki nje, akaichoma kwa kijinga cha moto. Tope likalinda mti, moto ukala ncha mpaka ikachongoka.

Rahabu akauzamisha uzi majini, ukachungulia kidogo tu, akapitisha mwali wa taa ya spiriti. Nyuzi mbili zikateketea. Wa tatu ukatoka kama mwiba wa nungunungu.

Tobia akauchomeka. Kilima. Tena, kilima. Kufika cha ishirini Tobia alikuwa ameacha utani.

Daktari akaingia saa tano na nusu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua ya kuagiza iko wapi?"

"Kwenye simu. Bado kubonyeza tu."

"Tazama kwanza."

Akatazama. Saa sita ikapita, vilima vikiendelea kupanda. Akaifuta barua, akauliza nani kamfundisha.

"Mama yangu. Maabara hajawahi kuiona, alikuwa analima." Akamvutia kiti. "Kaa. Zinatakiwa elektrodi thelathini kufika Jumatatu, na mimi nina mikono miwili tu."

Daktari akavua koti, akaunguza uzi wa kwanza. Akaunguza na wa pili. Rahabu, akicheka mpaka machozi, akamsogezea taa na kumpa wa tatu.