Kiganja cha Majivu

Asubuhi Kalumum aliposimama mlangoni kwetu, mume wangu alijimwagia lami ya moto mguuni na hakulia. Hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu Ubarum ni mtu wa kupiga mayowe hata akichomwa na mwiba wa samaki.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," Kalumum alisema. Mkononi alishika kikapu cha tende, utadhani amekuja kuposa.

"Mwanao yupi?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Huyo mnayemwita Taribum."

Alituletea mtoto huyo mwaka wa njaa, ameachishwa ziwa juzi tu, akatukabidhi kwa mikono yake mwenyewe mbele ya mashahidi. Sasa Taribum ana ndevu. Nako kijijini kwa Kalumum, ng'ambo ya mfereji, homa ilikuwa imepita ikawazoa wanawe wote aliobaki nao, na wote wamezikwa chini ya sakafu ya nyumba yake, kama ilivyo desturi.

"Pole kwa msiba, ndugu yangu," Ubarum alisema. "Lakini mtoto aliyefunzwa kazi hadaiwi. Sheria ya mfalme unaijua."

"Naijua. Fundi akimfunza mtoto kazi ya mikono yake, mtoto ni wake. Asipomfunza, mtoto anarudi kwa baba yake. Sasa niambie, Ubarum. Umemfunza?"

Mume wangu akainamia mguu wake ulioungua, akaanza kuubandua lami polepole.

Bandari yote ya Sippar, mji wetu, ilikuwa na jibu. Hakuna aliyeweza kuunda mtumbwi wa duara kama Ubarum, na Taribum alijua kusuka matete, kupinda mbavu za mtumbwi na kupaka mishono. Lakini kila ilipofika saa ya kuchanganya lami, Ubarum alimtuma maji. Wapagazi wakapata cha kuchekea: "Taribum, utaukausha mto huu bwana, acha na sisi tunywe!"

Nilikuwa nimemwonya mume wangu mara nyingi. Mficha uchi hazai, nikamwambia siku moja, naye akaninunia hadi chakula kikapoa, maana katika nyumba isiyozaa methali hiyo ina miiba. Aliogopa kwamba kijana akishajua yote atafungua kazi yake mwenyewe, na sisi tutakufa bila mtu wa kumwaga maji kaburini petu na kutuita kwa majina. Mtu asiyeitwa jina huko chini hunywa vumbi. Hofu hiyo ilimshika Ubarum, na mimi pia ilinishika, nisijifanye jasiri. Sasa jambo alilolifanya ili asimpoteze mtoto ndilo lililokuwa likimpokonya mtoto.

Waamuzi walikaa langoni pa hekalu la Shamash, mungu wa jua na haki. Mkubwa wao, mzee mmoja mwenye kikohozi, alisikiliza mpaka akachoka.

"Maneno tumeyashiba," akasema. "Kijana atapika lami mwenyewe, atapaka mtumbwi, utakaa juani, kisha ataingia nao mtoni. Ukishika, amefunzwa. Ukivuja, hakufunzwa. Na mpaka siku hiyo atalala kwa mlinzi wa lango, asije mtu akamlisha kazi ya miaka yote kwa usiku mmoja." Alipotamka hayo alimtazama Ubarum, na watu wakacheka.

Mimi niliruhusiwa kumpelekea chakula. Nikabeba mkate wa shayiri, vitunguu na samaki mkavu, na chini ya ulimi nikabeba siri ya mume wangu. Kwani nani aliyekuwa akipuliza moto miaka yote hiyo? Nilijua kila kitu: matete yakatwe vipi, lami ichemke mpaka ifanyeje, na mwisho kabisa kile kiganja cha majivu, ambacho bila hicho lami hulainika juani na kuteleza ikaacha mshono wazi.

Mlinzi alikuwa amejiegemeza mlangoni akisinzia. Nikamsogelea Taribum.

"Sikiliza, mwanangu. Ukishaona mapovu yamekuwa madogo—"

"Mama." Alikuwa akimenya kitunguu, wala hakuinua uso. "Najua."

"Unajua nini?"

"Majivu. Najua tangu sijaota ndevu. Nyumba yenyewe ina chumba kimoja na ua mmoja, baba anadhani pua yangu nayo huenda kuchota maji?"

Nusura nicheke kwa sauti. Nikamshika kichwa nikakibusu, kikinuka moshi. Basi tumepona, nikajisemea, tumepona!

"Kwa nini hukumwambia?"

"Alikuwa akifurahi kunificha." Akatafuna. "Mama, mbona hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini?"

Nilichukua kikapu changu nikasema ua haujafagiliwa. Nilitoka mle mbio mbio kama mwizi. Ningemuuliza, angenijibu, na jibu nililiogopa kuliko waamuzi wote wa mfalme.

Siku ya jaribio watu walijaa ufukoni kama wamekuja sikukuu. Wachuuzi wa pombe walipata riziki. Kalumum alisimama upande mmoja, na ubavuni pake mwanamke mwembamba aliyejifunika shela. Sikuhitaji kuambiwa kwamba huyo ni Lamassi, aliyemzaa. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mimi sikuzaa, na siku ile uchungu ulinishika tumboni mpaka nikainama.

Taribum akawasha moto. Akakatakata matete, akayatia, akakoroga akizungusha kijiko kwa kifundo cha mkono tu, bega limetulia. Ni mtu mmoja tu duniani akorogaye hivyo. Ubarum akanishika mkono kwa nguvu.

"Anajua," akaninong'oneza. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Huyu mtoto anajua! Mshenzi huyu, anakoroga kama mimi mwenyewe!"

"Nyamaza, wewe."

Mapovu yakawa madogo. Majivu yalikuwa pale kando, kwenye kigae. Taribum akapeleka mkono, akachota kiganja kimoja, kisha akasita na kunitazama. Watu wote wale, akanitazama mimi.

Nilijua ananiuliza nini. Ningeitikia kwa kichwa kidogo tu, angetia majivu, tungerudi naye nyumbani, angetumwagia maji miaka yote tutakayokuwa chini ya ardhi. Niliitaka ile ishara kwa kila kiungo cha mwili. Lakini siku ile ya vitunguu nilimkimbia akiuliza, na sasa hapakuwa na ua wa kufagia. Nikamfungulia mikono yangu, mitupu, viganja juu. Ni wewe, mwanangu. Wewe ndiye mwenye kusema.

Akamtazama mwanamke mwenye shela. Akanitazama tena, muda mrefu. Kisha akafungua vidole, na upepo ukayapeperusha majivu.

Kando yangu Ubarum aliuachia mkono wangu.

Jua lilipokuwa utosini, mtumbwi ulisukumwa majini. Ulielea vizuri, watu wakaanza kupiga vigelegele. Halafu Taribum akaonekana akichota maji kwa mikono akiyamwaga nje, na kabla hajafika katikati ya mto alikuwa akiogelea kurudi, na mtumbwi ukizama nyuma yake.

Mzee wa kikohozi akamgeukia mume wangu. "Ubarum, utaapa hapa mbele ya Shamash. Kijana huyu ulimfunza au hukumfunza?"

Angeweza kusema. Macho yake yaliona mkono ulioachia majivu, na hapo hapakuwa na fundi mwingine aliyejua maana yake. Neno moja lingemrudisha Taribum kwetu, apende asipende. Ubarum alitazama maji, akamtazama kijana aliyekuwa akipanda ukingo akitweta, maji yakimchuruzika ndevuni.

"Sikumfunza," akasema. Nayo ilikuwa kweli tupu.

Watu wakatawanyika wakizomea, na sifa zake zote za ufundi zikaondoka nao. Hakujali. Alikwenda akavua joho lake akamfunika nalo Taribum, wakasimama hivyo hivyo.

Mimi niliketi pale pale chini. Kivuli kikaniangukia. Alikuwa Lamassi, shela ameishusha mabegani, na mikono hajui aiweke wapi.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "samahani. Huwa anakula nini? Na akiumwa, anapenda aachwe peke yake, au mtu akae naye? Mimi sijui hata kimoja."

Nikasogea kumpa nafasi. Alipokaa nilianza na samaki, kwamba asimkaange, amchome. Na kwamba akiumwa atamfukuza, asiondoke. Nikaendelea hivyo mpaka jua likashuka, na kila nilipodhani nimemaliza nilikumbuka jingine, nalo nikamwambia.