Jina la Baba kwenye Jiwe la Shangazi

Shangazi yangu ni mzima wa afya, anapanda ngazi bila kushika ukuta, lakini jiwe la kaburi lake liko karakanani kwangu mwaka wa tatu huu. Aliliagiza mwenyewe. Alisema hawezi kuwaachia ndugu kazi ya kuandika habari zake, maana watu hawa hata ukiwatuma chumvi wanarudi na sukari.

Ni bamba la graniti nyeusi, zuri kweli. Juu lina jina lake na mwaka wa kuzaliwa, na chini majina ya wapendwa atakaowaacha. Tatizo ni kwamba wapendwa wa Shangazi hawadumu. Binamu mmoja alisahau kumwalika harusini, akafutwa. Shemeji yake aliuliza kama mkoba wake ni wa ngozi kweli, naye akafutwa. Na graniti haifutwi kwa kitambaa. Nachukua mashine ndogo ya mkono, ile inayozunguka kwa kasi na kulia kama ya daktari wa meno, nafunga kijiwe cha kusagia cha kijani kisichozidi ncha ya kidole, kisha nasaga uso wa bamba taratibu huku nikidondoshea maji, mpaka herufi zipotee. Jina moja hunilia siku mbili, na mgongo huniuma wiki nzima.

Jumatatu akaja kumfuta baba.

Baba ni mdogo wake. Walizaliwa saba, wamebaki wawili. Ndiye aliyenifundisha kazi hii baada ya kuifanya miaka thelathini, na sasa amestaafu, yaani anakuja kila siku kunikosoa. Kosa lake lilikuwa kusoma ule mwaka wa kuzaliwa kwa sauti, mbele ya wanawake wa kikundi cha Shangazi waliokuja kulitazama jiwe. Kwa hesabu ya jiwe, Shangazi ni mdogo kwa baba miaka miwili.

"Huyu?" baba alisema, akicheka mpaka akashika meza. "Huyu amenibeba mgongoni!"

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Baba alijifanya hajali, lakini kila asubuhi alipita karakanani kuazima kitu asichokihitaji, kisha akiwa mlangoni huuliza, "Bado nimo?" Nami namjibu bado umo. Siku moja aliazima tupa ileile aliyoiazima jana yake. Niliumia kumwona hivyo. Yule mwanamume hajawahi kuniuliza swali kwa sauti ndogo namna ile.

Kwa hiyo nilimdanganya Shangazi kwamba vijiwe vimekwisha. Nilidhani hasira itapoa. Alhamisi akarudi na boksi jipya la vijiwe kumi na viwili, vyote vyekundu.

"Shangazi, hivi ni vya kusagia chuma. Graniti inataka vya kijani."

"Jiwe ni jiwe."

"Graniti itavila hivi."

"Mimi nimekuogesha wewe ukiwa huna hata jino, leo unanifundisha mawe?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo hajatungiwa methali, basi nikamwachia. Tena nilikuwa nimekasirika. Nilimvika miwani na barakoa, nikamkabidhi mashine, nikamwambia asikandamize, aache kijiwe kizunguke chenyewe.

Akakandamiza. Alikandamiza kama anayesugua sufuria iliyoungua. Kijiwe cha kwanza kiliisha kabla hajamaliza herufi ya kwanza. Cha pili kikapasuka, kipande kikagonga miwani yake, akamtukana baba. Uso wa bamba ulikuwa mgumu na unateleza, kwa hiyo kila alipopeleka kijiwe juu, kilikimbia na kutumbukia ndani ya herufi, kikazisugua humohumo. Vumbi la miaka mitatu likatoka. Herufi zikazidi kuwa nyeupe. Kufikia kijiwe cha kumi, majina mengine yote yalionekana yamefifia kando ya la baba, ambalo ungelisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Shangazi aliliona. Akafunga cha kumi na moja, meno ameyauma.

Hapo ndipo baba alipoingia kurudisha tupa.

Alisimama. Alimtazama dada yake aliyejaa unga wa mawe mpaka kope. Akatazama vigutu vyekundu vya vijiwe sakafuni, akatazama jina lake. Mashine ikazimwa. Niliomba ardhi inimeze, na kama haina nafasi, immeze angalau Shangazi.

"Dada," baba akasema polepole, "kumbe unalisafisha jina langu?"

Shangazi alishusha barakoa. Aliniangalia mimi, akaliangalia jiwe.

"Lilikuwa chafu," akasema. "Wewe ulikuwa mchafu tangu utotoni. Nani alikuwa anakuogesha kama si mimi?"

Akajiziba mdomo. Sisi sote watatu tulikuwa tumesikia alichokikiri.

Nikamkazia macho baba asicheke. Hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yakagusana.

"Ni wewe," akasema. "Na sabuni ulikuwa unanitia machoni."

"Ulikuwa hutulii."

"Nilikuwa nachomwa, dada."

Shangazi akaanza kucheka, kisha akawa analia, machozi yakichora mistari kwenye unga wa mashavuni. Mimi nilijifanya natafuta kitambaa, kwa sababu na mimi nilikuwa nalia, na fundi akilia mbele ya mteja kesho ataombwa punguzo.

Niliwaletea chai, wakakaa pale hadi ikaisha. Shangazi alipotangulia kutoka, baba aliinama akaokota kigutu kimoja, akakigeuzageuza chini ya taa.

"Chekundu kwenye graniti," akanong'ona.

"Nilimwambia, Baba. Wallahi nilimwambia."

"Vimeisha vyote?"

"Kimebaki kimoja."

Alikitia kile kigutu mfukoni, akachungulia nje kuhakikisha dada yake yuko mbali.

"Mnunulie boksi lingine," akasema. "Vyekundu vilevile."