Wa Mwisho Kunawa

Kijijini Mkunya maji hayamwagwi. Mvua ikikujazia kisima chako, shukuru. Ukinunua ya dumu, usiyachezee. Ndiyo maana siku Sikuzani alipolipindua beseni la kunawia kwenye hitima ya jirani, watu walishika vichwa. Maji yenyewe, jamani, tena mbele ya wazee.

Beseni lilikuwa na adabu yake: mzee kwanza, wanaume, akina mama, mtoto mwisho, na maji ni yaleyale. Shamila, mjukuu aliyelelewa na Sikuzani, alinawa hivyo kila siku, anatumbukiza vidole kwenye maji yaliyokwisha kuwa meusi, halafu anamega ugali. Masika yalipoingia akaanza kuharisha, na kabla hawajafika zahanati akakata roho. Nesi alimuuliza bibi mtu swali moja tu: "Kwenu nani hunawa mwisho?"

Swali hilo ndilo lililopindua beseni. Mzee Awadhi, kaka wa marehemu mume wake, ambaye kila jioni alikuwa akila kwa Sikuzani, alisema, "Huyu anatuita wachafu." Ikawa basi. Tangu hapo hakuna aliyemwita kula, wala aliyekanyaga kwake. Akipika, anapika cha mtu mmoja, anakula huku anautazama mlango. Upweke ulimla kuliko alivyokula yeye.

Mwaka wa Shamila ulipotimia akasema liwalo na liwe. Akaazima jamvi, akachinja jogoo, akatwanga kisamvu, akasonga ugali wa muhogo. Mlangoni hakuweka beseni. Aliweka ndoo, kata na kipande cha sabuni, kila mtu amiminiwe maji yake. Akawaalika wote, hata waliokuwa wakimsengenya kisimani.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaadhiniwa. Akakifunika chakula kisiingiwe na inzi, akaketi pembeni ya jamvi tupu, akalia kidogo, akajifuta. Angempokea yeyote, hata wa kuja kumtukana.

Aliyekuja ni Awadhi, peke yake, na fimbo yake.

"Hodi hapa."

"Karibu, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba, Bibi Shamila."

Jina hilo hakuwa amelisikia tangu msiba. Akamkaribisha jamvini, akachota maji, akamsogelea. Mzee hakunyoosha mikono.

"Siyo mimi. Anza na mdogo."

"Mdogo gani, shemeji? Si tuko wawili tu?"

"Najua." Mzee akailaza fimbo yake jamvini. "Siku zote nilikuwa namtangulia. Leo mwanzie yeye."

Sikuzani akasogea ukingoni mwa jamvi, akainamisha kata polepole, kama anavyomiminiwa mtoto. Maji yakaanguka chini, mchanga ukayanywa yote, na mzee hakusema neno juu ya kumwaga maji. Kisha akachota mengine, Awadhi akanyoosha mikono, akapokea sabuni.

Wakala wawili. Sehemu kubwa ya jamvi ilibaki wazi mpaka jua lilipozama.