Rangi ya Bata wa Lamwaka

Wamalwa alikuwa fundi wa bati pale Katwe. Kwa miaka minne tangu atoke Bungoma alikuwa hajaombwa kitu akashindwa kukitengeneza. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi, mifereji ya mvua, vibatari, na yale majiko ambayo huko Kampala huitwa sigiri. Kwa hiyo mwaka ule wa 1991, Oyat alipomwuliza kama anaweza kutengeneza bata wa kuogea mtoto, alijibu kabla hajafikiri. Alisema anaweza, na kwamba wake angekuwa mzuri kuliko wa dukani.

Oyat alikuwa askari polisi, Mwacholi. Nyumba za kambini zilikuwa zimejaa, ndiyo maana alipanga vyumba viwili Kibuye, ua mmoja na Wamalwa. Yeye na mkewe Aloyo walikuwa na binti mmoja, Lamwaka, ambaye Jumamosi iliyofuata angetimiza mwaka.

Wazo la bata lilikuwa la Aloyo. Alipokuwa mdogo huko Gulu, baba yake alimletea kutoka Nairobi bata wa mpira, wa manjano, mwenye mdomo mwekundu, ambaye ukimbinya alilia. Watoto sita wa nyumba ile waliogeshwa pamoja na bata huyo, mmoja akimrithisha mwenzake, mpaka mdomo ukapauka na sauti ikaisha. Vita vilipowakimbiza, mama yao alibeba sufuria na blanketi, bata akabaki kwenye karai. Njiani kitinda mimba wao akaugua. Akawa njano ngozi na macho, akafa kabla hawajaifikia dawa yoyote. Aloyo alimsimulia Wamalwa mambo hayo mawili kwa pamoja, kama habari moja, huku akichambua mchele uani. Oyat alikuwa amezunguka maduka ya mjini bila kumpata bata wa namna hiyo, akaambulia vigari vya plastiki tu.

Kazi ya bati haikumshinda Wamalwa. Alikata kopo la mafuta ya kupikia, akagonga nusu mbili juu ya gogo mpaka zikapata tumbo, akaziunga kwa lehemu, kisha akapiga tupa kila ukingo mpaka ukawa laini kama kucha. Mara ya kwanza kumweka majini, bata alilala ubavu. Akamfungua, akamtia kipande cha chuma tumboni, akamziba tena. Safari hii alielea wima, shingo juu, na mafundi wa vibanda vya jirani wakaja kumtazama.

Ikabaki rangi. Jirani yake Dawudi, aliyekuwa akipuliza rangi za magari, alimwonyesha kopo la manjano lakini akamtahadharisha. Alisema rangi ile inataka wiki nzima ikauke vizuri, na hata ikikauka mtoto asiitie mdomoni. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Wamalwa alikuwa amekwisha kuwatangazia watu wa uani kwamba Jumamosi watamwona bata ambaye Nairobi hawajamwona. Kurudi kwa Aloyo na kumwomba asubiri wiki moja aliona ni aibu. Akaenda Kamwokya kwa akina mama wanaouza vifaa vya kusukia mikeka, akanunua unga wa manjano wa kutia ukindu rangi. Akauchanganya na maji ya moto, akampaka bata mara tatu, na juu yake akapitisha vanishi kidogo iliyobaki kwenye kopo. Haikutosha kufika mkiani. Alijiambia mkia si kitu.

Jumamosi mchana watu walijaa uani. Aloyo alimweka bata kwenye karai, akasimulia tena habari za yule wa zamani, jinsi walivyogombania nani aoge naye kwanza, na watu wakacheka. Lamwaka alipiga maji kwa viganja vyote viwili. Oyat, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisimama akampa Wamalwa mkono mbele ya watu wote, akasema mke wake amerudishiwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakuweza kumrudishia.

Wamalwa alikuwa bado ameshikwa mkono alipoona uzi wa manjano ukitoka mkiani mwa bata na kutambaa ndani ya maji. Wengine hawakuuona. Alisubiri Oyat amwachie, akainama kama mtu wa kusaidia, akalinyanyua lile karai na kumwaga maji kwenye mfereji. Akamfuta bata kwa shati lake, akamrudishia mtoto. Alikusudia kumwambia Aloyo baadaye, watu wakishatawanyika. Watu walipotawanyika, Aloyo alikuwa akiimba, naye akaenda zake kulala.

Asubuhi yake Oyat alikuwa zamu. Aloyo alibisha mlango wa Wamalwa akiwa na mtoto kifuani, miguu mitupu. Alisema jana jioni alimwogesha gizani kwa sababu umeme ulikatika, akamlaza vizuri, na sasa amwangalie. Wamalwa akamwangalia. Viganja, nyayo, tumbo, mikunjo ya shingo na pembe za mdomo, kote kulikuwa njano.

Alijua palepale. Maneno yalikuwa machache tu na yalikuwa mdomoni. Lakini Aloyo alikuwa akisema ndivyo mdogo wake alivyoanza, ndivyo hasa, na Wamalwa akaona kwamba akisema sasa, atakuwa amesema mbele ya hofu ile ambayo yeye ndiye aliyeileta. Akachukua mfuko wa nguo za mtoto, akasema twende.

Njia ya kwenda zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa. Aloyo alitembea haraka, akimwomba Mungu kwa Kiacholi. Wamalwa alifuata nyuma, akipanga jinsi ya kuanza. Kila alipopata mwanzo, kulitokea kona, au pikipiki, au mtu wa kusalimia. Kufika mlangoni alikuwa hajasema neno, na alipoulizwa na karani yeye ni nani wa mgonjwa, alijibu kwamba ni jirani.

Zahanati ilikuwa na watu wengi. Kijana wa maabara alimtazama mtoto mara moja, akasema watoe damu. Akapangusa mkono kwa pamba yenye spiriti, akaitupa ile pamba ndooni bila kuitazama, akachoma. Mshipa haukupatikana. Lamwaka alilia mpaka pumzi ikakatika, midomo ikimtetemeka, na Aloyo, aliyekuwa amemshika, alifumba macho. Wamalwa alitazama ndoo. Pamba ilikuwa juu kabisa ya takataka, manjano kama ua la boga.

Kijana alichukua mkono wa pili.

“Msimchome tena,” Wamalwa akasema. “Hana ugonjwa. Ni rangi yangu. Rangi ya bata.”

Muuguzi mkubwa aliitwa, mama wa makamo mwenye miwani. Alimfunua mtoto macho, akaona ni meupe, akasugua tumbo kwa pamba, akaionyesha pamba kwa kila mtu. Kisha akamgeukia Wamalwa, akamwuliza ni rangi gani. Aliposikia ni ya mikeka, alimwuliza kama kwao watoto hawatii vitu mdomoni. Alimwagiza Aloyo amnyonyeshe sana mtoto na amwangalie siku mbili, akitapika amrudishe. Lamwaka hakutapika. Rangi ilitoka kwa mafuta na sabuni, ikamalizika siku ya tano.

Lakini pale nje ya zahanati, kabla hawajaianza njia ya kurudi, Aloyo alisimama.

“Ulijua tangu lini, fundi?”

“Tangu jana mchana.”

Alichukua mfuko wa mtoto kutoka mkononi mwa Wamalwa, akauvaa begani mwake, akatangulia.

Wamalwa alitarajia kwamba Oyat akirudi kutakuwa na makelele. Hayakuwapo. Oyat alikuja kibandani kesho yake akicheka mpaka machozi, kwa maana Aloyo alikuwa amemwambia habari ya rangi tu. Aliwasimulia mafundi wote jinsi binti yake alivyogeuka embe bivu. Jioni hiyo Wamalwa alipata jina jipya, Manjano, na Katwe nzima ikamwita hivyo. Jina hilo hakulijali. Kilichomuumiza ni Aloyo, ambaye kila asubuhi alipita uani akamwitikia salamu yake kwa adabu, akiwa ameibeba siri ile kwa niaba yake bila kuombwa. Angetukanwa angepumua. Kwa kunyamaza kwa Aloyo, alijiona kila siku kama alivyokuwa pale maabara, mtu mzima anayetazama ndoo huku mtoto akichomwa.

Alivumilia wiki mbili. Jumapili moja baada ya kanisa alimkuta Oyat akipiga buti rangi mlangoni, peke yake, akachuchumaa mbele yake.

“Afande, sindano ile nilikuwa na uwezo wa kuizuia,” alisema. “Nilijua kutoka nyumbani. Niliogopa aibu, nikanyamaza mpaka akachomwa.”

Oyat aliacha brashi. Akatazama ndani ya nyumba, Aloyo alikokuwa akimvisha mtoto.

“Yeye anajua?”

“Anajua tangu siku ile.”

Oyat aliweka buti chini, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Kwa wiki tatu hakumsalimu. Jina la Manjano likafifia pale uani, kwa sababu aliyelipenda zaidi aliacha kulitamka. Kisha asubuhi moja Aloyo mwenyewe alifika Katwe, Lamwaka akitembea kwa kumshika vidole, akaleta sigiri iliyovunjika mguu. Wamalwa akaipokea. Aloyo hakuondoka aje kuichukua baadaye kama wateja wengine. Alivuta kigoda, akakaa, akamwachia mtoto atembee kati ya mabati. Wamalwa alifanya kazi kichwa kikiwa chini. Alipomaliza alipapasa ule mguu mara mbili, mara tatu, akautia tena kwenye moto na kuongeza lehemu, ingawa ulikuwa umeshika vizuri.

“Inatosha, Wamalwa,” Aloyo akasema.

Wamalwa akamkabidhi sigiri kwa mikono miwili, bila kuweza kuinua macho.