Maneno Kumi Nyuma ya Karatasi

Kwa miaka kumi na moja Eufrazia ndiye aliyekuwa masikio ya mumewe. Baruti za machimbo ya kokoto zilimharibu Kasimiri masikio, na tangu hapo mtu wa Temeke akiwa na neno naye sharti apitie kwa mkewe. Eufrazia humwinamia uso kwa uso, humpigia kelele, naye Kasimiri huelewa. Wengine walijaribu wakashindwa. Jambo hilo lilikuwa lake peke yake, akijivuna nalo kuliko wenzake na mikufu yao.

Ndipo ushirika wa wachonga vinyago, alikofanya kazi tangu aache machimbo, ukampatia Kasimiri kifaa cha kusikilizia: kisanduku cha kutia mfuko wa shati, na waya uendao sikioni. Aliyehangaika mpaka kikapatikana ni Somoe, katibu wa ushirika, mjane mwenye sauti laini. Siku ya kukipima, naye akatokea zahanati, kajitanda kanga mpya.

"Shikamoo dada," alimwamkia Eufrazia.

"Marahaba. Kumbe siku hizi masikio ya waume za watu nayo ni mali ya ushirika?"

"Dada nawe! Mie nimeitwa na fundi."

Kweli aliitwa. Projestus, fundi wa vifaa hivyo, kijana mpole wa Bukoba, alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, mashine hupiga milio, minene na myembamba, yeye akachora mstari wa ile iliyosikika na kugeuza kifundo cha kisanduku kufuata mchoro. Ya pili alitaka sauti za watu, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kazini. Kila mmoja asome maneno kumi, mdomo kauficha kwa karatasi, Kasimiri arudie alichosikia.

Kwa mchoro wa mashine, Kasimiri alipata maneno manne ya Somoe na mawili ya mkewe. Projestus akageuza kifundo, akageuza tena. Ya Somoe yakafika tisa. Eufrazia akavuta pumzi, akapaaza sauti hadi watu wa foleni nje wakachungulia. Mawili yale yale.

"Karatasi hii imerogwa!"

"Mama, ni kelele," Projestus alisema. "Kelele inavuruga neno. Miaka yote alikuwa anakusoma mdomo. Sema naye kama unavyosema na mimi."

Somoe aliinama akichezea pindo la kanga. Alitabasamu, au Eufrazia aliliona tabasamu kwa kuwa alilitafuta. Koo limemkauka kwa ajili ya mtu huyu, halafu huyu wa juzi tu anapata tisa!

Akairudisha karatasi mdomoni. Orodha hakuitazama.

"Unampenda Somoe?" aliuliza, kwa sauti ya chini aliyokwisha kuisahau.

Kasimiri, macho ukutani kama mwanafunzi mtiifu, akarudia kwa sauti yake kubwa ya kiziwi:

"Unampenda Somoe!"

Foleni ikachungulia tena. Projestus kalamu mkononi, hajui aweke alama ya vema au asiweke. Kisha Kasimiri akaelewa alichokisema, akamgeukia mkewe taratibu.

"Nimesikia, Mama Yustina."

"Najua umesikia. Nangoja jibu."

Zamani angegusa sikio, akatikisa kichwa, yakaisha. Sasa aliutazama waya, akamtazama mkewe.

"Napenda anavyosema nami. Hanipigii kelele. Zaidi ya hapo hakuna."

Neno lilimchoma, tena mbele ya Somoe mwenyewe. Eufrazia akaiweka karatasi mezani, akamgeukia fundi.

"Kifundo kibaki hapo hapo. Kitie alama nyekundu nijue akikigeuza, asije akaniambia hasikii."