Farofa wa Chumba cha Nyuma

Kwetu Barão Geraldo, mtaa wa chuo kikuu huku Brazili, mwanafunzi mgeni akihamia nyumba ya kupanga, wenzake humbandika jina siku hiyo hiyo, na lile alilopewa na mama yake halisikiki tena. Ndivyo Farofa alivyoitwa Farofa: alimwagia farofa, unga wa muhogo uliokaangwa, kila alichokula, hata tambi. Alikaa chumba cha nyuma kwa jirani yangu Zuleide mpaka akahitimu uhandisi, akaenda zake.

Siku hizi mashamba ya miwa yamegeuka maabara, na haipiti wiki bila mtu kubisha hodi akitaka kununua nyumba aivunje. Zuleide magoti yamemwisha, ilibidi auze. Alitaka kitu kimoja tu: wanafunzi wabaki humo. Dokta mmoja, Evandro Siqueira, mwenye kampuni ya kupima udongo, alimpigia simu nikiwepo, akaahidi hataigusa nyumba.

"Dokta, kawadanganye wengine," Zuleide akamjibu, akakata simu.

Mimi nikacheka, mjinga mimi. Baadaye akamuuzia bwana mmoja mpole aliyekuja na keki ya mahindi na kumsalimia kila mwanafunzi kwa mkono. Sahihi hata haijakauka, wanafunzi wakaambiwa wahame, nyumba inavunjwa. Nilimlaani yule bwana mpaka koo likaniuma.

Jumamosi tukiwa tunafunga vyombo, mwanamume mwenye kipara akasimama mlangoni.

"Shangazi, maharage yapo?"

Zuleide alimkodolea macho, kisha akamrukia. "Farofa. We mtoto, nywele umemwachia nani?"

"Nimekuachia wewe, Shangazi. Ziliziba sinki lako."

Nikampashia chakula. Alipomaliza kula akamuuliza Zuleide kwa nini alimkatia simu.

"Simu gani?"

"Ya nyumba. Evandro ni mimi."

Zuleide akakaa chini. Alimuuguza homa yule kijana, alimshonea vifungo, na hakuwahi kumuuliza jina lake. Nilimwonea huruma nikashindwa kumtazama.

"Mbona hukusema ni wewe?" Zuleide akauliza.

"Nilijua jina utalikumbuka. Halafu nilikuwa na wakubwa wenzangu mezani. Nikaona haya kujiita Farofa mbele yao."

Zuleide alikuwa akikusanya makombo mezani kwa kiganja.

"Ungesema tu, mwanangu," akasema. "Ningekupa hata bure."